Magitaa Mawili na Kanuni ya Zeze

Jumatano alasiri, siku tatu kabla mafundi wa redio hawajafika kuturekodi, gitaa letu zuri lilianza kulia kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Nilikuwa peke yangu kanisani, nimekaa kwenye benchi la sauti ya nne, najikumbusha wimbo wa mwisho. Kila nilipobonyeza nyuzi karibu na kichwa cha gitaa, zilipiga vyuma vya shingoni: zzzz. Nikapunguza amplifaya. Zzzz. Nikaizima kabisa. Bado.

Nilijua mara moja kosa ni la nani.

Kwaya yetu ilikuwa na magitaa mawili. La kwanza lilikuwa jekundu, linang'aa kama pipi, limenunuliwa dukani miaka ile maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa vitu ambavyo zamani tuliviona kwa wageni tu. Mwili wake ulikuwa wa plaiwudi, mwepesi hata mtoto angelibeba. Wengi hucheka magitaa ya aina hiyo. Mimi sicheki, maana nilijifunzia hapo. Ukilipiga chini, karibu na kichwa, lilisema kweli. Ukipanda juu, karibu na mwili, lilianza kudanganya: kidole mahali pake, sauti si yake.

La pili lilikuwa la kahawia, limechubuka pembeni, zito kama jembe jipya. Tulilinunua kwa mpiga solo wa bendi ya shirika moja la umma. Shirika lilipouzwa, bendi nayo ikafa, na mzee yule, mtu wa mjini wa ukoo wa wafanyabiashara, akafungua duka la vipuri vya baiskeli. Ukitaka kulinganisha magitaa, usianze na rangi. Piga uzi mmoja, uache, usikilize. Lile jekundu lilinyamaza kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Hili la kahawia liliendelea kuimba huku unamtazama mwenzako, na lilisema kweli shingo nzima.

Siku ya kulichukua, mzee yule alinishika mkono.

"Kijana, ndani ya shingo hii mna chuma. Nyuzi zinavuta mbele, chuma kinavuta nyuma. Usizilegeze nyuzi. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Akanipa kifunguo kidogo chenye umbo la herufi L. Nikakitia kwenye kopo la vipande vya kupigia gitaa, nikaenda zangu kwa furaha.

Nilisikia kweli. Ila sikumwambia mtu.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa Mgogo wa upande wa Mvumi, mtoto wa mpiga zeze. Baba yake, ngoma ikiisha, alilegeza uzi wa zeze kabla hajalitundika ukutani, kwa sababu mti unaovutwa usiku na mchana hupinda. Mwalimu aliileta kanuni hiyo kwenye kwaya. Mazoezi yakiisha tulisali, kisha yeye mwenyewe alipita kulegeza nyuzi za kila gitaa, polepole, kama anayevua watoto viatu. "Chombo nacho kina mwili," alisema. Kwa gitaa jekundu kanuni ilifaa, maana shingo yake ilikuwa mti mtupu. Kwa lile la kahawia, kila jioni alikuwa akimwondoa mmoja wa wavuta kamba wawili. Ukiachia kamba ghafla, mwenzako anaanguka chali. Shingo nayo ilikuwa inaanguka chali, kidogo kidogo, na upepo mkavu wa kiangazi ukausaidia ule mti kusinyaa.

Miezi minne nilimtazama akifanya hivyo. Ningemwambiaje? Alinifundisha kusoma noti. Shikamoo yangu ya kwanza nje ya nyumbani alipokea yeye.

Na wiki ile haikuwa ya kumwambia mtu neno gumu. Mwalimu alikuwa mtunza stoo, na jina lake lilikuwa limetokea kwenye orodha ya wanaopunguzwa kazini. Nyumba ilikuwa ya kazi. Jumatatu alitakiwa awe ametoka, arudi kijijini kulima. Nyimbo zake, alizotunga miaka yote aliyokaa Dodoma, zilikuwa vichwani mwetu tu. Mafundi wa redio walikuwa wakipita njia, wakatupa Jumamosi asubuhi, saa mbili hadi saa nne. Hawakuahidi kurudi.

Alhamisi nilikwenda dukani kwa mzee wa baiskeli. Alikuwa anakaza tairi, hakuinua kichwa.

"Limeanza kulia?"

"Umejuaje, mzee?"

"Mtu hanunui spoku na uso kama huo. Mmelegeza?"

"Tumelegeza."

"Nilikwambia mimi, au niliiambia hii baiskeli?"

"Ulinambia."

"Basi hukusikia, ulikuwa unatikisa kichwa tu." Akafuta mikono, akachukua upande mmoja wa uma wa baiskeli, akafumba jicho moja, akatazama kwa urefu wake kama fundi seremala anavyotazama ubao. "Tazama shingo hivi. Utaona kilima katikati. Sasa fanya kinyume cha mazoea yenu: nyuzi kaza, chuma legeza. Robo mzunguko, si zaidi. Iache ilale hivyo. Kesho robo nyingine. Ukiwa na haraka utakikata, na kikikatika hapo, hata mimi usinitafute."

Jioni ile hapakuwa na mazoezi. Nilifunga mlango wa kanisa, nikakaza nyuzi, nikatia kifunguo kichwani mwa gitaa. Robo. Mti ulitoa mlio mdogo, *tk*. Nikatazama shingo kwa jicho moja. Kilima kilikuwapo, ila kimenywea.

Ijumaa saa tisa nikarudi kwa robo ya pili, kabla wenzangu hawajaja. Mpiga besi alinikuta, akakaa kwenye spika kutazama. Yeye maishani alikuwa na mzaha wa kila jambo.

"Unalikamua? Litatoa maziwa?"

"Nyamaza, kaka. Nikikosea hapa limekufa."

"Likifa nitaimba mimi sehemu ya solo. Mafundi wa redio watakimbia wenyewe."

Alikuwa bado anacheka alipoacha ghafla na kusimama. Mwalimu alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu," tulisema kwa pamoja.

"Marahaba. Unafanya nini na shingo ya chombo?"

Hapo ningeweza kusema nasafisha. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nilitazama mikono yake: alikuwa ameshika daftari la nyimbo, lile lenye jalada la kitambaa, akiwa amelifunga kwa kamba kama mtu anayekaribia kusafiri.

"Linalia, Mwalimu. Shingo imepinda."

"Tangu lini?"

"Nimegundua juzi."

"Imepindaje? Nyuzi nalegeza mwenyewe kila jioni."

Mpiga besi akageuka kutazama dirisha.

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema. "Ndiyo maana."

Nikamweleza yote: chuma, wavuta kamba wawili, mzee wa baiskeli na alichonionya miezi minne nyuma. Sikuinua macho. Kueleza ni jambo nililolipenda tangu utoto, lakini siku ile kila sentensi niliibeba kama debe la maji. Nilipomaliza, Mwalimu alitoka mlangoni, akaja mbele yangu. Paa la bati lilikuwa linapigwa na upepo.

"Miezi minne," akasema.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Kwa hiyo kila nilipopita hapa kulipumzisha, wewe umesimama unanitazama nikilivunja."

"Nilikuheshimu mno, nikashindwa kusema."

"Hapana. Uliniogopa. Usivichanganye hivyo viwili." Akaketi kwenye benchi karibu yangu, akanyoosha mkono. "Lete. Hicho kilima kinaonekanaje?"

Nikamwonyesha namna ya kufumba jicho moja. Alitazama, akavua miwani, akatazama tena.

"Kiko karibu na kichwa. Huku juu pamenyooka." Akapiga nyuzi taratibu, akipanda. Chini zzzz; alipofika katikati, mlio ukakoma, sauti ikawa safi. "Kesho patakuwa pamepona?"

"Patakuwa pamepungua. Sijui kama patapona."

"Basi tusipite huko." Akafungua daftari. "Nyimbo zote tutazipandisha sauti moja. Solo utaanzia hapa katikati, hutashuka. Na lile jekundu lipige ridhimu chini, ambako halidanganyi."

"Sauti ya kwanza watapasuka, Mwalimu," alisema mpiga besi. "Kina mama wale wa juu tayari wanaimba na vidole vya miguu."

"Watapanda kwenye mabenchi."

Walilalamika, bila shaka. Dada mmoja wa sauti ya kwanza alisema tunawaimbisha kama ndege. Tulifanya mazoezi mpaka jua likazama, na mimi nikafanya mazoezi mengine tena, kichwani, ya kutoshusha mkono.

Jumamosi mafundi walitandika nyaya zao sakafuni, wakasema hakuna kurudia zaidi ya mara moja. Shingo ilikuwa imerudi karibu yote. Ulibaki uzi mmoja uliolia, mahali pamoja. Nyimbo tano zilipita. Katika wa sita, ule wa mwisho, vidole vyangu kwa mazoea ya miezi vilianza kuteremka kuelekea pale pabovu. Niliviona vinakwenda. Mwalimu, aliyekuwa ametupa mgongo akiongoza sauti ya pili, aligeuza kichwa tu. Nikavisimamisha nusu ya njia, nikashika noti niliyokuwa nayo, na gitaa likaishikilia, likaishikilia, mpaka kwaya ikaifikia na kuibeba. Lile jekundu lisingeweza. Lingekuwa limeshanyamaza, na pengo lingesikika nchi nzima.

Fundi aliinua kidole gumba. Hapakuwa na zzzz.

Baada ya sala, watu wakikunja nguo za kwaya, Mwalimu alipita kwenye vyombo kama kawaida yake. Alilegeza nyuzi za gitaa jekundu, moja moja, mpaka ya sita. Akafika kwenye lile la kahawia. Mkono wake ulikwenda wenyewe, ukashika ufunguo wa kwanza wa kukazia nyuzi, ukatulia hapo. Sote tuliokuwa karibu tuliacha tulichokuwa tunafanya.

Akaiachia. Akaniita kwa kidole, akanipa lile kopo lenye kifunguo cha herufi L, ambalo nilikuwa nimeliacha kwenye benchi.

"Ukiona kosa langu jingine," akasema, "utaniandikia Mvumi."