Fuvu Lililotobolewa Taya

Jirani wa mlango wa tatu alishaeneza uani kwamba yule mzee wa makumbusho analala na fuvu la mtu chini ya kitanda.

"Mama Pacha, huogopi? Na hivyo vichanga vyako?"

Mama Pacha alikuwa akimnyonyesha mmoja na kumbembeleza mwingine kwa mguu. "Baba mkwe wangu hata mende hamuui. Fuvu ni la mnyama, na liko kazini kwake."

Alilijua. Siku aliyompelekea chakula alimkuta ameinama, sindano mkononi, anakwangua jiwe punje kwa punje, kama anayemtoa mtoto mwiba. Miaka minne, fuvu moja. Mnyama wa kale kuliko dinosaria, mla majani, mwili wa nguruwe, mdomo wa kobe. "Ni ukoo wetu wa mbali, sisi wa kunyonya," mzee alimwambia, akimwonyesha taya la juu. "Wenzake wengi walikuwa na meno mawili marefu. Huyu hapa ni laini tu, kama ufizi wa hawa wajukuu zangu."

Mchana huo mzee alirudi mapema. Mlango ukagonga ukuta. Hata viatu hakuvua.

"Wametoboa!"

"Wametoboa nini, baba?"

"Taya! Wamelipiga drili, matundu mawili, wakachomeka meno ya plasta. Ati kesho ufunguzi wa maonyesho, nani atapiga picha na kibogoyo! Miaka minne, mama, sijaliachia hata mkwaruzo! Namwambia mkuu wa makumbusho huu ni uongo, anacheka. 'Mzee, wewe kazi yako kusafisha tu.' Kusafisha! Kama nadeki choo!"

Pacha wote wawili wakaangua kilio. Mama Pacha akawapakata. Maneno ya jirani yangepita na upepo. Uongo huu ulikuwa unawekewa kioo na taa.

"Ukisema watakufukuza, baba."

"Wanifukuze. Lile haliwezi kujisemea."

Akachukua kipande cha boksi na kalamu. Mkono ule mwepesi kwenye sindano ukakandamiza kwa hasira. Kalamu ikachana boksi. Akamsukumia vyote.

"Mwandiko wako unasomeka, mama. Niandikie: 'Huyu hakuwa na meno haya. Tumemtoboa sisi.' Herufi kubwa. Kesho nitakisimamisha mbele ya kioo, wageni wakiwepo. Na chini niachie nafasi, nitie sahihi mwenyewe."