Kisanduku cha Marehemu na Rauta ya Shemeji

Shemeji yangu ndiye aliyeanza. Naandika hivyo mapema ili asije mtu akaniambia mambo haya yalitokea tu.

Tunaishi boma moja hapa Waithaka, yeye nyumba ya mbele, mimi nyumba ya nyuma. Mume wangu, ndugu yake, alikufa kwenye ajali ambamo mimi nilitoka na chuma kwenye nyonga. Alikuwa mpiga video wa harusi na mazishi. Kazi zake zote aliziweka kwenye kisanduku cheusi chenye diski mbili ndani, kimechomekwa kwenye mtandao wa boma, ili azifungue kwa kompyuta akiwa chumba chochote. Siku tulipomzika yeye, mwenzake wa kazi ndiye aliyeshika kamera. Alimimina video yote ndani ya kisanduku, akafuta kadi yake, akaenda harusi nyingine.

Kwenye video hiyo shemeji anasimama kando ya kaburi, mbele ya kanisa na ukoo mzima, anasema nyumba ya nyuma na kipande chake ni cha mjane na watoto, na hakuna atakayetugusa. Mwaka huu akaniambia nihame, anataka kujenga nyumba za kupangisha. Nikamkumbusha maneno yake.

"Nilisema hivyo lini, shemeji? Wewe siku hiyo ulikuwa umejaa dawa za hospitali."

Chifu akatuita Alhamisi, kila mtu na ushahidi wake. Jumatatu nikawasha kompyuta nitafute video. Kisanduku hakikuonekana.

Taa zake zilikuwa zinawaka. Nikachomoa waya, nikapuliza vumbi, nikarudisha. Nikazima, nikahesabu hadi mia, nikawasha. Nikanunua waya mpya. Kompyuta ikashikilia kwamba kitu kama hicho hakiko.

Jumanne nikakibeba hadi kwa fundi wa kompyuta kule tao, katikati ya mji, na nyonga yangu hii, ghorofa ya tatu bila lifti. Fundi hakukifungua hata skrubu moja.

"Mathe, hii ni mzee sana. Diski zimekufa. Niachie nizifute zianze upya."

"Ukizifuta, video yangu inaenda wapi?"

"Video gani, na zimekufa?"

"Kama zimekufa, unafuta nini?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Nikakifunga kwenye leso nikashuka. Hata mimi niliwahi kusemwa nimekwisha, nikiwa nimelala wodini nasikia kila neno.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani ndipo nikakumbuka. Rauta ya boma, kile kifaa kinachosambaza mtandao, inakaa sebuleni kwa shemeji. Zamani akitukasirikia aliizima, akaiwasha siku akipenda. Kila ikiwaka upya iligawia vifaa namba upya, na mume wangu akawa hapati kisanduku chake. Siku moja alichoka, akakifungia namba moja isiyobadilika. Mimi niliishia darasa la sita, lakini alinieleza nikaelewa: ni kama namba ya mlango. Sasa mwezi uliopita shemeji alikuwa ameleta rauta nyingine, nayo inagawa namba za aina nyingine kabisa. Kisanduku kilikuwa kizima. Kilikuwa kimekaa kwenye mlango wake ule ule, ila mtaa umebomolewa.

Fundi namlaumu kwa uvivu. Marehemu namlaumu pia, hakuandika ile namba popote. Lakini aliyemfanya aifunge ni ndugu yake na hasira zake za swichi.

Nilimkuta mke wa shemeji akianika nguo. Nikamwuliza rauta ya zamani iko wapi.

"Kwa stoo ya kuku. Ya nini?"

"Ya kazi yangu."

"Ukisema ni mimi nimekupa, nitakukana."

"Kunikana mmezoea."

Akaenda akaileta, ina mavi ya kuku juu. Nikaipangusa, nikaiweka mezani kwangu bila intaneti yoyote, kisanduku upande mmoja, kompyuta upande wa pili. Vitu viwili vya nyumba moja havihitaji intaneti ili viongee. Hazikupita dakika tano jina la kisanduku likatokea. Video ilikuwemo. Shemeji kwenye suti ya kuazima, na mama yao nyuma yake kwenye kiti cha plastiki, akiitikia kila neno kwa kichwa. Mama naye tulimzika baadaye, bila kamera, maana mwenye kamera alikuwa ametangulia. Nikainakili kwenye flashi mbili.

Alhamisi chifu aliitazama mara mbili. Shemeji akasema hayo yalikuwa maneno ya msiba, kila mtu huyasema. Chifu akamwuliza kama machozi pia yalikuwa ya msiba tu. Ikaandikwa kwamba nisihamishwe, shemeji akatia sahihi.

Akanifuata nje, sauti imeshuka.

"Shemeji, ile video. Mama yuko pale anasonga, kama yuko hai. Sisi hatuna nyingine yake. Niwekee tu."

Flashi ya pili ilikuwa mkobani. Nikamwambia sina.

Tangu hapo ameniuliza mara tatu. Mara ya mwisho alikuja na lita mbili za maziwa. Maziwa nilichukua.