Mzee wa Kichujio

Ukoo wetu, hapa Bungoma, una mzee mmoja anayetajwa kuliko nabii yeyote. Ndiye aliyebuni kichujio cha mrija, kile kikapu kidogo kama kidole gumba kinachosukwa kwenye ncha ya mrija wa busaa, ili mnywaji avute pombe na kuyaacha makapi chunguni. Kabla yake, husemwa, wazee walikunywa huku wakitematema kama mbuzi mgonjwa. Baba yangu ni mzee wa kanisa na hajawahi kuonja busaa. Hata hivyo, mgeni hamalizi kikombe cha chai kwetu kabla ya kuelezwa kwamba anaongea na kitukuu cha mtu huyo.

Hilo halikunisumbua mpaka nilipompenda msichana wa Kimilili.

Askari wetu walikuwa wamerudi kutoka vitani. Mimi nilikuwa Kitale kwenye shamba la mzungu, nikiandika herufi za shamba juu ya magunia ya mahindi kwa brashi na rangi nyeusi. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nilimaliza shule ya msingi, ingawa mkono wangu ni mzito. Wapakiaji walikuwa wakiniambia, "Andika bana, panya wana njaa." Kwa msichana nilikuwa mzito zaidi. Nilizunguka soko la Kimilili siku tatu za soko kabla ya kusimama mbele yake na kuuliza bei ya kitu cha karibu. Kilikuwa mrija.

"Wewe unakunywa?" akaniuliza.

"Hapana."

"Sasa unataka kuchuja nini?"

Babake, aliyekuwa akisuka nyuma yake, akapaza sauti: "Nunua, kijana! Aliyebuni kichujio ni babu wa babu yangu!"

Kwetu mtu haoi ndani ya ukoo wake, hata undugu uwe wa zamani namna gani. Kama mzee wa kichujio alikuwa wetu, na pia alikuwa wao, basi yule msichana alikuwa dada yangu.

Hata hivyo nilimtuma shangazi apeleke posa, na mambo yakaharibika palepale. Baba alimwita mwuza mirija mwongo. Mwuza mirija alimwita baba mwizi wa babu. Hakuna hata mmoja aliyekubali kumwachia mwenzake yule mzee ili mimi nioe. Mwishowe shangazi akasema, "Huyu si amesoma? Aende aandike ukoo wa huyo mzee wenu, tujue ni wa nani."

Nikaomba ruhusa, nikanunua daftari, nikaazima penseli ya karani wa shamba, nikatembea hadi Ndalu. Huko kulikuwa na bibi kizee aliyewahi kuwa mkunga wa koo zote mbili. Pande zote zilikubali kwamba akisema yeye, imetosha.

"Kukhu," nikamwita, kama tunavyowaita bibi zetu, "mzee wa kichujio alizaa nani?"

"Yule? Hakuwa hata mtu wetu! Alishuka kutoka mlimani akitafuta ng'ombe wake. Akakuta watu wanakunywa, akasahau ng'ombe. Misimu miwili! Alipochoka kutema makapi akasuka hicho kitu, kisha akarudi kwa mke wake. Mama yangu ndiye aliyekuwa akimpikia."

"Kwa hivyo si wetu?"

"Si wenu, si wao." Akanitazama kwa jicho moja. "Wewe unataka nani, mzee au msichana?"

"Msichana," nikaliambia daftari.

"Basi andika. Mbona penseli imelala?"

Niliandika hadi jua likapinda. Niliporudi Kitale, karani akachukua penseli yake.

Mwuza mirija aliposikia nimemaliza kuandika, akamtuma mama mmoja wa sokoni kwa baba: tuje Jumapili baada ya kanisa, na kijana aje na kalamu, wazee watie sahihi. Lakini huku kwetu ulimi hauchagui kati ya L na R. Maneno yalipofika nyumbani, yalikuwa karamu. Mama alilalamika, ati tumekubaliwa lini hata tupike, lakini akachinja kuku watatu.

Mwuza mirija alipotuona na vikapu akashtuka. "Nani amekufa?"

"Si ulisema karamu?" akauliza baba.

"Ndiyo, nilisema karamu!"

"Basi ndiyo hii."

"Karamu ya kuandikia!"

Kuku walikuwa wameshaiva, hakuna aliyewarudisha. Walipobaki mifupa nikaanza kusoma. Msichana akasema, "Soma kwa nguvu, hao kuku hawaamki tena." Nikasoma mpaka mlimani na ng'ombe.

"Sasa mirija nitaiuza nikisema nini?" akauliza babake.

"Sema inachuja, baba," msichana akamwambia.

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Baba naye akasafisha koo, akakumbuka kwamba tangu zamani mambo ya pombe hayakumpendeza. Wakakubali kutia sahihi, wote wawili, kwamba yule mzee si wao. Lakini kalamu haikuwepo boma zima. Shangazi akaleta chungu, wakapaka vidole gumba masizi na kubandika, mafuta ya kuku yakiwa bado mikononi.

Tulioana baada ya mavuno. Daftari ninalo, ila mafuta yameenea, na pale palipoandikwa mtu wa mlimani hapasomeki tena. Baba amepaona. Wiki jana alikuja mgeni, nikamsikia baba akianza, "Unajua unaongea na nani?"

Mke wangu akakohoa jikoni.

"Na mzee wa kanisa," akamalizia baba, akamwongezea mgeni chai.