Ordinatere Yenye Nilidanganya

Niseme haya yangu mara moja, kiisha tuendelee vizuri: nilidanganya ordinatere, ile mashini bengine banaita kompyuta. Si polisi, si muke wangu. Ordinatere. Iliniuliza swali moja ya kawaida kabisa, na mimi, muntu muzima mwenye ndebu, nikaijibu uongo. Kiisha nikakaa siku tisa nikiitafutia ugonjwa. Nililaumu mvua, nililaumu panya, nililaumu bantu ba telefone, na ugonjwa ulikuwa ule uongo wangu.

Muntu anafikia pale namna gani? Ngojeni.

Dada yangu mukubwa, mwenye tunaita yaya, alikuwa anauzisha bitenge mu soko ya Kamembe, huku Rwanda, ngambo ya mupaka na Bukavu. Alikuwa na mutoto moja tu, binti, mwenye alienda kusoma Kinshasa mbele ya vita kuanza. Vita ilipokuja, ikapasua Kongo kama muhogo: Bukavu, yenye tunaangalia kila asubuhi tukisukutua meno, ikabaki upande huu, Kinshasa ikabaki upande ule. Telefone hazipiti, barua hazipiti. Binti akaolewa kule, sisi tukajua kiisha miezi sita. Tulicheza ile harusi sebuleni, watu sita na redio moja.

Siku moja sista mumoja wa Bukavu akarudi kutoka Kinshasa, akizungukia Nairobi, akapita kwa yaya. Akamwambia: "Maman, mutoto wako iko na mimba, na ni kubwa. Anasema utafute adresi ya internet. Kule kuna nyumba bantu banalipa banaandika, naye atakuwa anaenda."

Yaya hakulala juu ya ile neno. Akapanda basi mpaka Kigali, akarudi na karatasi: adresi yake, mot de passe, lile neno la siri, na numero ya Kigali yenye ordinatere itapigia ku telefone. Sista aliporudi Kinshasa, akabeba ile adresi. Kwa hiyo barua za binti zilikuwa tayari zinafika, zinangoja pahali fulani mu hewa kama bantu ba mustari. Ilibaki kupata ordinatere ya kuzisoma. Na mufundi.

Mufundi ni mimi.

Shule nilisoma mpaka mwaka wa pili ya sekondari. Huwa nasema vita ndiyo ilifunga masomo yangu, lakini hesabu ilikuwa imefunga mbele ya vita. Kiisha nikaanza kutengeneza redio. Redio ikinyamaza, naipiga kofi. Ikikataa, naifungua. Ikikataa tena, namwambia mwenye redio: hii ni ya zamani, Papa, basi, imeshafanya kazi yake. Na hiyo diploma ndiyo nilisimama mbele ya yaya nikasema:

"Ordinatere? Ile ni redio yenye iko na ekra."

Kule Bukavu kulikuwa projet moja ya bazungu ilikuwa inafunga, inauzisha meza, biti bya kukalia, na ordinatere zake nzee. Yaya akanunua moja. Kazi yangu ikawa kuivukisha.

Muntu wa kwetu atanielewa hapa. Kuvuka daraja ya Rusizi, mupaka wenyewe, na kitu wazi wazi ni kama kutembea uchi. Hata sukari kilo mbili tunaivalisha nguo. Na ukiulizwa, unajibu kidogo. Umetoka wapi? Hapa tu. Umebeba nini? Kidogo tu. Hatujibu hivyo kwa ubaya, ni mudomo wenyewe umezoea. Mutoto wa Kamembe ukimuuliza anaitwa nani, kwanza anaangalia kama umevaa kofia ya serikali.

Ekra, kile kioo chake, nikaiweka mu kitunga, nikaifunika na sombe, yale majani ya muhogo, nikambebesha maman mumoja ku kichwa. Lile sanduku lenyewe nikaliingiza mu mufuko wa makala, mukaa wa kupikia, nikabeba ku mabega. Nilikuwa na rafiki mu duane, bale ba ushuru wa mupaka, tulikaa naye benchi moja ku shule, na ndiye nilikuwa naogopa zaidi, sababu yeye anajua uso wangu ukidanganya unafanana namna gani. Namshukuru Mungu, siku ile sikumuona. Aliyekuwa pale ni mwingine.

"Hii ni nini?"

"Sombe."

"Na ile?"

"Makala kidogo."

"Haya, piteni."

Nilitembea mpaka Kamembe mabega yanacheka.

Tukaiweka sebuleni, karibu na telefone. Ile telefone ya yaya ilikuwa ya barabara nzima: Maman wa nyumba ya pili alikuwa anapokea pale simu za kaka yake wa Ubelgiji, na muzee wa kona, fundi wa viatu, alikuwa anakuja kuangalia tu kama ingali inalia. Wote bakakuja kuona. Nikawasha. Ikakohoa bumbi ya makala, bakapiga makofi.

Ikaanza kuniuliza mambo ya laini, kwa Kifaransa. Jina? Nikaandika. Mot de passe? Nikaandika, nikifunika na mukono ili muzee wa kona asione. Numero ya Kigali? Nikaandika. Kiisha ikaniuliza:

Uko mu inchi gani?

Ndugu zangu, nilisikia harufu ya daraja. Nikawaza: huyu anayeuliza ni nani? Hii kitu inapita mu waya mpaka Kigali. Nikisema iko Rwanda, Kigali watasema, iko Rwanda tangu lini? Iliingia na karatasi gani? Mudomo wangu uliozoea ukajibu mbele ya akili. Nikatafuta mu liste, nikashuka chini kabisa, nikaikuta Kongo na jina yake ya zamani bado: Zaïre. Nikabonyeza. Ni kama kusema: niko kwetu hapa Bukavu, mukubwa, sijavuka hata mguu. Nikajisifu mu roho. Sikumwambia muntu.

Nikachomoa telefone, nikachomeka ordinatere, nikaiambia ipige. Ikaimba tii-ta-ti-ta, ikanyamaza, ikatoa sauti ya laini yenye inashikwa: tu, tu, tu.

"Kigali inaongea na muntu mwingine," nikawaambia. "Tungoje."

Tulingoja siku tisa.

Siku ya kwanza niliandika mot de passe upya mara kumi na tano, polepole, kama muntu anayepaka mutoto dawa mu jicho. Nikabadilisha waya. Nikafungua sanduku nikapuliza makala na pompe ya kinga, ile ya baiskeli, sebule ikawa nyeusi, yaya akanifukuza na kiatu. Siku yenye mvua ilinyesha nikasema ni mvua. Siku yenye jua ilitoka nikasema waya zimepanuka. Siku ya tano, nikikumbuka redio na antena yake, niligeuza ordinatere nzima ili iangalie upande wa Kigali. Muzee wa kona alinisaidia kuigeuza. Akanishauri tuinyanyue kidogo, sababu kati yetu na Kigali kuna musitu. Tukaiweka juu ya matofali mawili.

Maman wa nyumba ya pili alikuwa anapita kila mangaribi: "Docteur, mugonjwa ameamka? Kaka yangu wa Ubelgiji ananitafuta, na telefone umeikatia maji."

"Maman, iko mu operation."

"Operation ya siku saba? Huyo tumuitie padri."

Kila muntu alikuwa anacheka, isipokuwa yaya. Yaya alikuwa anahesabu na bidole. Mwezi wenye sista alisema mutoto atazaliwa ulikuwa umefika, kiisha ukapita. Alikuwa amekata kitenge kizuri, cha kijani na maua, cha kubebea mujukuu, akakikunja akakiweka juu ya ekra. Kila nikitaka kufanya kazi, lazima nikishushe kwanza. Siku ya nane jioni akanikuta nimeshika tournevis ya kufungulia sanduku, akasema polepole, bila hasira:

"Mudogo wangu, kama hii kitu haitapona, uniambie. Kama mutoto wangu alikufia mu kuzaa, barua ya kuniambia iko mule ndani, na mimi napika, nacheka na bateja. Uniambie tu nijue kwamba sitajua."

Ile usiku matofali yalinilalia mimi.

Kesho yake ilikuwa siku ya Mungu, kiisha misa. Yaya aliketi nyuma yangu anakunja bitenge bya soko. Nikabonyeza, si kwa imani, ni kwa mazoea. Ikaimba. Yaya akasimamisha mikono.

"Rudia."

Nikarudia.

"Inaimba ndefu."

"Yaya, ndiyo sauti yake."

"Nyamaza. Mimi napiga Kigali kila juma, kwa yule ananileteaka bitenge. Wimbo yake ni fupi. Hii naijua pia. Daraja ikifungwa mimi niko Bukavu, nikipiga hapa nyumbani ili mujue nimelala kule, inaanza hivi hivi, zero, zero, kiisha inaendelea mpaka muntu anachoka. Hii mashini yako inaita Rwanda kama muntu mwenye iko inje ya inchi."

Nikafungua ile liste, nikaangalia chini kabisa.

"Kwa nini unatoka jasho?" yaya akauliza.

"Yaya. Iliniuliza iko inchi gani."

"Na ukasema?"

"Zaïre."

"Kwa sababu gani?"

"Sikujua iko upande wa nani."

Aliniangalia. Kitenge kikaanguka. Kiisha yaya wangu, mwenye hakucheka siku tisa, alicheka mpaka akashika meza, na meza ikasukuma ordinatere ikatoka ku tofali moja. "Ulidanganya mashini ya duane! Na mashini ikakuamini! Maskini ya Mungu, siku zote inapiga kelele kutoka Bukavu!"

Nikapanda mu liste nikaivukisha daraja, mara hii na karatasi: Rwanda. Nikabonyeza. Wimbo fupi. Kiisha ikatoa kelele kama paka wawili mu sufuria, na kelele zikatulia, na kona ya chini kukawaka taa kadogo.

Barua zilikuwa tatu. Sikujua ya kufungua kwanza, yaya akaweka kidole chake ku ekra kwenye ile ya mwisho, mpaka leo alama ya mafuta naiona. Nikamusomea. Binti amezaa, ni musichana, alilia nguvu, wote wazima, na amemupa jina la bibi yake, yaya mwenyewe. Chini aliandika: "Mama, mbona haujibu? Umenikasirikia?"

Yaya alikuwa amekaa na kitenge cha kijani mu mapaja, anakilainisha, anakilainisha. Akapangusa macho na kona yake.

"Andika," akasema.

"Niandike nini?"

"Andika: sijakasirika. Muyomba wako ndiye alitukawisha ku daraja."

Habari ikatembea. Mu Kamembe, neno ukilisema sebuleni asubuhi, saa sita unaliuziwa soko. Siku ya nne kiisha zile barua nikamukuta yule rafiki yangu wa duane ku stendi ya basi, anakula muhindi wa kuchoma. Nikajaribu kupita. Akanishika mukono, akanikatia nusu ya muhindi.

"Kaa. Ni kweli?"

"Kweli."

"Siku ile mulipita nilikuwa mu chumba ya nyuma, ku dirisha. Yule mwenzangu aliingia akaniuliza, tuwashike? Nikamwambia huyo namujua, aache apite, ataanguka peke yake. Ungesema ni ordinatere ya nyumbani, moja tu, nzee, tungekuandikia karatasi dakika tano. Lakini weye! Sombe yako ilikuwa na mukia, ndugu yangu. Waya mweusi, na fishi yake ya kuchomeka ku ukuta, unaning'inia mpaka ku mugongo wa yule maman."

Nikatafuna.

Akanipiga ku bega, akasimama kurudi kazi. "Sikiliza," akasema. "Mashini uwe unaiambia ukweli. Sisi ba duane utudanganye tu, sisi tumezoea."