Mtani wa Ambrosi

Kwa miaka mingi Mwalimu Levina alifundisha historia katika sekondari moja hapa Tabora, na waliopita mikononi mwake bado humwita Mama Roma. Warumi aliwapenda wote, lakini alikuwa na mwaka wake mmoja, ule uliokuwa na makaisari wanne. Aliwaandika ubaoni kisha akawafuta mmoja mmoja: Galba, aliyewanyima askari wa ulinzi zawadi waliyoahidiwa, wakamuua; Otho, aliyejichoma kisu baada ya kushindwa vitani; Vitelio, aliyekokotwa barabarani na askari wa mpinzani wake. Jina lililobaki ubaoni lilikuwa la Vespasiano, jemadari wa ukoo usio na jina kubwa, aliyepewa kiti na majeshi ya mashariki, akakomesha vita na kuijaza hazina iliyokuwa tupu.

Nyumbani, msikilizaji wake alikuwa mumewe Ambrosi, mfanyakazi wa reli aliyekaa sana stesheni ya Tura.

"Huyo Vespasiano ni bahili kama mimi," Ambrosi alipenda kusema. "Ndiyo maana alidumu."

Ambrosi alifariki Juni, pale hospitali ya Kitete, miezi kadhaa baada ya kupata kiharusi. Levina alikuwa na ombi moja tu: azikwe mtani wake akiwepo. Mtani huyo ni Shomari, fundi cherehani wa mjini. Yeye ni Mzaramo, na msibani kwa Mnyamwezi kama Ambrosi ana ruhusa ya kumcheka marehemu mbele ya wafiwa, wala mfiwa haruhusiwi kununa.

Asubuhi ya mazishi Shomari aliingia uani amevaa koti la marehemu, akiburuta mguu wa kushoto vilevile Ambrosi alivyouburuta mwishoni.

"Nani kanunua jeneza la mninga?" alifoka. "Mimi Ambrosi ningelala kwenye gunia, mbao mkaziuza!"

Wanawake waliangua kicheko. Nikolaus, mwana mkubwa, wakili aliyefika alfajiri kutoka Dar, hakucheka. Utani aliujua. Lakini muda wote wa ugonjwa hakupata nafasi ya kuja, na mguu ule alikuwa akiuona leo kwa mara ya kwanza. Akamkamata Shomari ukosi, akamsukuma mpaka nje ya geti. Mzee akaondoka.

Levina akainuka mkekani.

"Nikolaus, umefanya nini?"

"Mama, anamwigiza baba ugonjwa wake!"

"Nilikufundisha mwenyewe darasani. Vespasiano alizikwaje?"

"Mama, leo?"

"Leo. Jibu."

Nikolaus akainamisha kichwa. "Mchekeshaji alivaa sura ya bandia ya kaisari, akaiga mwendo na maneno yake. Akauliza mazishi yamegharimu kiasi gani. Alipotajiwa akasema, nipeni mimi hizo hela, halafu mnitupe hata mtoni."

"Na mwanawe Tito, aliyeiteka Yerusalemu, umesoma popote kwamba alimkamata mtu yule ukosi?"

"Hapana, mama."

"Baba yako hatazikwa kama mtu asiye na mwenzake wa kumcheka. Mlete."

Nikolaus alipanda bodaboda. Alimkuta Shomari ameketi mbele ya cherehani, hashoni, koti bado mwilini.

"Shikamoo baba. Nisamehe."

"Marahaba. Nyie babu zenu walibeba mizigo ya meno ya tembo mpaka pwani kwetu. Wewe utanibeba mimi mpaka kaburini."

"Baba, una kilo ngapi?"

"Beba, utajua."

Basi makaburini watu walimwona wakili wa Dar, suti nyeusi, jasho likimtiririka, amembeba mgongoni mzee anayempigia kelele: "Taratibu! Meno ya tembo hayakutikiswa hivi!" Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kando ya kaburi Shomari alishuka, akalipigia jeneza ukelele.

"Ambrosi, huko uendako usiwazimie malaika taa, eti unabana umeme!"

Padri mwenyewe aligeuka pembeni, mabega yakimtikisika. Kisha Shomari akachota udongo, akautupa taratibu kaburini, akajifuta macho kwa mkono wa lile koti.

"Asante, mtani," Levina alimwambia. "Sasa amezikwa."

Nyuma yao Nikolaus, suti imejaa vumbi, alikuwa analia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu afike, na mama yake akamshukuru Mungu kwa hilo pia.