Mama Kikomo Afunga Kamba za Raba Kila Jumatatu ya Toleo Jipya

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu. Dirisha la dawa la zahanati bado limefungwa, lakini benchi la nje limeshajaa. Nyuma ya ukuta, katika chumba kilichokuwa stoo ya mifagio, mwanamke mmoja anasoma mstari mmoja kwenye kompyuta huku akiufuata kwa kidole. Amevaa gauni la heshima na raba za kukimbilia, kamba zimefungwa mara mbili.

"Kuanzia mbili nukta nne, chini ya tatu," anasoma polepole. Anaifuta tatu, anaandika nne. "Haya, Mungu saidia."

Wenzake humwita Mama Kikomo. Walianza kwa utani, na sasa hata wagonjwa hawamjui kwa jina lingine.

Yeye ndiye fundi wa programu inayoandikisha wagonjwa mia moja na arobaini kwa siku na kuchapa lebo za dawa zao. Programu hiyo imejengwa kwa vifurushi sitini na tatu, yaani vipande vya programu vilivyotungwa na watu ambao hajawahi kuwatia machoni. Watu hao huvirekebisha kila mara, na kila toleo jipya hupewa namba. Kazi yake ni kuiambia kompyuta: kifurushi hiki, chukua matoleo kutoka hapa mpaka pale, usivuke.

"Namba za nyuma zikibadilika, wamerekebisha kasoro au wameongeza kitu kidogo," anaeleza. "Ikibadilika ya mbele, ujue wamegeuza tabia. Hapo huingii bila hodi."

Hayo yote aliyajua hata mwaka juzi, ndiyo maana anajisema bila huruma. Kwenye kifurushi kinachopanga namba za lebo aliandika "2.4 na kuendelea", juu akaacha wazi. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye ufa aliuacha makusudi, ili hewa ipite.

"Uvivu tu, mwanangu, nisikudanganye," anamwambia mwandishi. "Nilichoka kufungua ule mstari kila toleo likitoka. Nikasema, acha kijichukulie chenyewe."

Kikajichukulia. Jumatatu moja likatoka toleo la tatu, nalo lilikuwa na tabia mpya: lisipoambiwa vinginevyo, linageuza kila namba yenye sehemu kuwa namba nzima. Maelezo yake yalisema hivyo waziwazi, ila hakuna aliyeyasoma. Nusu mililita ya dawa ya mtoto ikachapwa mililita moja.

Aliyegundua ni mfamasia, mama wa miaka hamsini na tisa mwenye desturi moja ambayo vijana huicheka. Hatoi chupa kabla ya kusoma lebo kwa sauti, na mzazi airudie. Asubuhi hiyo alikuwa stoo akipokea dawa, na msaidizi wake ndiye aliyefungua dirisha. Aliporudi akashika chupa ya kwanza, akasoma, "Mililita moja," akamtazama mtoto aliyebebwa mgongoni.

"Nikasema hapana. Mtoto mwenyewe kiganja, mililita nzima?" anakumbuka.

Lebo saba zilikuwa na kosa. Sita zilikuwa bado hapo zahanati. Ya saba ilikuwa imekwenda nyumbani na mama wa kichanga cha wiki tatu, na simu yake haipatikani.

Mama Kikomo hakungoja gari. Alitoka mbio na anwani mkononi: nyuma ya kiwanda cha matofali, mlango wa bluu. Kandambili ikakatika njiani, akaendelea peku.

"Milango ya bluu ilikuwa minne!" anasema akicheka, huku machozi yakimlengalenga. "Nilibisha yote."

Mlango wa nne ulifunguliwa na mama mwenyewe. Chupa ilikuwa wazi mezani, na kibomba cha kupimia kimeshajazwa mililita nzima. Lakini mtoto alikuwa amepitiwa na usingizi, na mama akaona vibaya kumwamsha.

"Nikamwambia, dada, lebo imekosewa, na aliyekosea ni mimi. Hakunifokea. Akanipa kibomba, akasema, basi nionyeshe iliyo sahihi."

Alirudi zahanati akaandika barua ya kuacha kazi. Daktari mkuu akaisoma, akaikunja mara nne, akaisokomeza chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

"Ukiondoka nitaajiri mtu ambaye kosa hili bado hajalifanya," alimwambia. "Rudi kazini."

Barua ingali pale, na meza imetulia.

Siku kumi na moja zilizofuata alipitia vifurushi vyote sitini na tatu, kila kimoja akakiwekea mwanzo na kikomo. Mama yake, mshonaji wa sare za shule, ndiye aliyempa kanuni, bila kujua lolote kuhusu kompyuta: mtoto mwachie upindo wa kukulia, usimwachie jora zima.

Lakini kufunga milele nako si dawa. Toleo la pili limeshaachwa na watengenezaji wake, kasoro zake hazizibwi tena. Kwa hiyo kwa wiki tatu Mama Kikomo amelijaribu la tatu kwenye kompyuta ya pembeni. Amelielekeza liache sehemu za namba kama zilivyo, akachapa lebo za wagonjwa wa kubuni, na mfamasia akazisoma zote kwa sauti. Leo kikomo kinasogea.

Mfamasia anastaafu mwishoni mwa mwaka. Mama Kikomo anataka desturi yake ya kusoma kwa sauti iwe kanuni ya zahanati kabla hajaondoka, kisha yeye mwenyewe apite zahanati nyingine kuwafundisha mafundi wenzake kuandika kikomo.

"Nina deni la shukrani kwa mwanamke huyu mpaka naingia kaburini," anasema. "Na kwa yule mtoto. Mama yake huniletea salamu: mlalaji wako hajambo, sasa anakimbia."

Dirisha linafunguliwa. Mashine inachapa lebo ya kwanza ya siku. Mama Kikomo anatega sikio.

"Nusu mililita," inasikika sauti ya mfamasia.

"Nusu mililita," anarudia baba mmoja kutoka nje.

Mama Kikomo anainama, anafungua kamba za raba zake.