Vidonge Nilivyovitema Jarubani

Mwanangu, vile vidonge sikuvimeza. Nimelikana jambo hili tangu nikiwa darasa la sita, na niliyemdanganya zaidi ni mama mdogo wangu wa kijijini Ikolo, Kyela, aliyenilea.

Nakumbuka siku ile wauguzi walipoleta shuleni dawa ya kichocho. Tulipewa uji kwanza, kisha kila mtoto vidonge vyake, vikubwa na vichungu. Wavulana wa nyuma wakanong'ona kwamba anayemeza ndiye anayekojoa damu. Mimi nilikuwa nakojoa damu kweli, na sikutaka ijulikane. Nikavificha shavuni mpaka njiani, nikavitema kwenye jaruba la mpunga. Mama mdogo alikuwa akipalilia palepale, maji yamemfika magotini.

"Umetema nini?"

"Mate, mama."

"Na dawa umemeza?"

"Nimemeza."

Baadaye damu iliacha kuonekana, nikajiona mjanja. Lakini kila Krismasi mama mdogo huuliza tena, mbele ya wageni, "Hivi wewe, vile vidonge ulimeza?" Nami, mwalimu wa chuo mwenye shahada mbili, hujibu, "Nilimeza, mama."

Mwaka jana, nyumbani kwangu Mbeya, niliona wekundu chooni. Nikasingizia juisi ya rozela. Nilipoacha rozela, nikasingizia hedhi inayoaga. Kwa miezi minne nilitafuta visingizio kwa bidii ambayo sikuipa hata tasnifu yangu.

Daktari alinionyesha picha ya kibofu changu. Ukuta wake ulikuwa umenenepa upande mmoja. Akachukua kinyama kidogo cha kupima.

"Inaweza kuwa saratani," alisema. "Kwenu wapi?"

"Kyela."

"Mashambani unaingia?"

"Kila msimu wa palizi. Peku."

Akatikisa kichwa, akaomba na mkojo wa mchana. Akanieleza kwamba vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ya mguu bila mtu kujua, kisha hukua kuwa minyoo ndani ya mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Mayai yao hukwaruza ukuta wa kibofu na kuutoa damu. Mwili hujiziba kwa makovu, mwaka baada ya mwaka, nawe unatembea zako ukidhani umepona.

Nikaenda Ikolo kusubiri majibu. Usiku sikulala, mchana nilianika kakao pamoja na mama mdogo.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: ukiona damu isipopaswa kuwepo, nenda siku hiyohiyo. Dawa ya shuleni imeze, hata wenzako wakicheka. Na daktari akikuuliza, mwambie yaliyotokea, si yale unayotamani yangetokea. Mungu akujalie mwili unaosema mapema, na masikio ya kuusikia.

Simu iliita siku ya tano. Mikono yangu ilikuwa imejaa kakao, mama mdogo akaipokea na kuiweka sauti kubwa.

"Si saratani," daktari alisema. "Ni kichocho. Mayai yameonekana kwenye mkojo na kwenye kile kinyama. Dawa ipo, tutakupima uzito, utameza. Na kibofu tutaendelea kukiangalia."

Nilikaa chini kwenye mkeka, juu ya kakao yenyewe.

"Niambie kitu kimoja," akaendelea. "Dawa hii uliwahi kuitumia?"

Mama mdogo alinisogezea simu karibu na mdomo, akanitazama.

"Hapana, daktari," nikasema. "Niliitema."

"Ndaga," mama mdogo akanishukuru taratibu kwa lugha ya kwetu, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Kisha akaiinamia simu. "Daktari, mimi ni mama yake. Hivyo vingine atavimezea mbele yangu."